Miye Niliona

Nyinyi vijana wa communication pale bureau, ofisi yetu ya mji, mumeniomba niandike namna tulivyokuwa tukifanya kazi kabla ya magroupe yenu ya WhatsApp. Nimekubali, kwa sababu tangu nirudishe mégaphone, kile kipaza sauti cha mkononi, mchana umekuwa mrefu na hodi ni chache. Mambo ya vyeo musiyatafute humu. Niliingia nikiwa mtangazaji wa barabarani, nikatoka nikiwa mtangazaji wa barabarani, na katikati nilizeeka.

Kwa asiyenijua, mimi ni Kakule, mzaliwa wa Vuhovi. Sauti yangu ndiyo iliyokuwa ikiwatoa watu wa Mulekera, hapa Beni, majumbani siku ya salongo, waje na majembe wasafishe mitaro. Chanjo ya watoto, daraja lililooza, mbuzi aliyepotea, yote yalipitia mdomoni mwangu. Watu walinichukia kidogo, kama jogoo wa jirani, lakini nikinyamaza siku moja walituma mtoto kuuliza kama ninaumwa.

Kazi nilifundishwa Butembo na Mama Katungu. Alikuwa muuza vitunguu, na ndiye aliyetangaza mambo yote ya soko, bila mégaphone, mikono miwili mdomoni tu. Mwanamke mkali, Mungu amrehemu. Siku yangu ya kwanza nilimkimbilia na habari moto: lori la chumvi limepinduka njiani, chumvi haitafika.

"Nani aliona?" akauliza, macho yake hayakutoka kwenye vitunguu.

"Banasema, mama."

"Banasema njo nani? Iko na jina? Iko na muke?"

"Batu bote banasema!"

"Basi kama batu bote banasema, batu bote banajua. Weye unaenda kutangazia nani?"

Lori halikuwa limepinduka, lilifika saa za jioni na chumvi yake yote. Lakini kabla halijafika, chumvi ilikuwa imekwisha sokoni kweli, maana kila mtu aliinunua akaificha chini ya kitanda. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mimi naongeza kwamba mara nyingi linakuja kwa sababu lilisemwa.

Ndipo Mama Katungu akanipa kanuni niliyoifuata mpaka siku ya kurudisha chombo. Kila tangazo lianze kwa kusema limetoka wapi. Kama ni karatasi ya wakubwa, unaanza, "Bureau inasema." Kama umekwenda mwenyewe ukaangalia kwa macho haya mawili, unaanza, "Miye niliona." Ile "banasema" unaiacha sokoni pamoja na maganda ya vitunguu.

"Na ile ya miye niliona," akanionya, "hapana kuitumia ovyo. Iko kama chumvi ya mwisho mu nyumba."

Nilipohamia Beni nikapewa mégaphone, nilidhani nimekuwa mtu mkubwa. Siku ya kwanza nilibonyeza kitufe cha king'ora badala ya kile cha sauti, mbuzi wa mtaa mzima wakakimbilia barabarani na wanawake wakaanza kufunga mizigo wakidhani vita vimefika. Donc, la kwanza, jueni vitufe vyenu. La pili, mabetri yakichoka yaanikeni juani, yatawafikisha jioni. Musiumeze mdomo wa chombo, uacheni upana wa kiganja. Mukiwa juu ya kilima, semeni kuelekea bondeni, halafu munyamaze kidogo, muache neno lifike kabla ya kutuma lingine. Vijana wa leo munatuma maneno hamsini kwa pumzi moja, halafu munashangaa mama wa shambani ameshika moja tu, tena lile la uongo.

Watu wa quartier, mtaa wetu, walizoea ule mwanzo wangu mara moja. Nilipopewa karatasi kwamba njia ya mashamba sasa ni salama, nilisoma, "Bureau inasema njia ya mashamba ni salama." Walisikiliza vizuri sana, kisha wakakaa milangoni wakaniangalia mimi. Kesho yake kama nimepita na jembe begani, walitoka nyuma yangu. Kama nimebaki nyumbani nashona kiatu, nao walishona viatu. Mkubwa mmoja aliniambia hiyo ni kuharibu communication. Nikamwambia, "Chef, sijasema neno." Alicheka, kwa kweli. Hakuwa mtu mbaya, naye jembe lake lilikuwa ndani.

Wakati wa kampeni ndio ulikuwa mgumu. Alikuja kijana mmoja wa mgombea, viatu vinang'aa kwenye tope letu, anataka nitangaze kwamba mpinzani wao amejitoa.

"Nani aliona akijitoa?" nikamuuliza.

"Aka, muzee! Hii ni politique, hapana misa."

Nilikataa. Hakugombana nami. Alikwenda akapata pick-up, akapata muziki wa Kinshasa, na kabla ya chakula cha mchana mji wote ulijua kwamba yule bwana amejitoa. Yule bwana mwenyewe alipita mtaani kwa miguu akisema niko hapa, niko hapa, na watu wakamwambia pole. Jioni walinijia kuniuliza mimi nasemaje, nikawajibu sijui. Wakati wa kampeni, hakuna neno linalomkasirisha mtu kama sijui. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Nimekaa mwisho wa njia hiyo nikimngoja, na wengi wamenipita wakafika mbali sana.

Ile "Miye niliona" niliitumia mara chache. Moja niwaambie, kwa sababu iliniletea rafiki, na marafiki sikuwa nao wengi.

Ilikuwa miaka ile watu walipokuwa wakiuawa mashambani na kila mgeni alitazamwa mara mbili. Nilikwenda Butembo kusali kaburini kwa Mama Katungu, nikarudi Beni juu ya lori la Abdallah, Mwislamu wa Butembo aliyekuwa akisafirisha maharagi. Nilishuka kwangu, yeye akaendelea na njia. Sijanawa hata uso, simu zikaanza kulia mtaani: kuna sauti iliyorekodiwa inazunguka, mtu asiye na jina anasema lori la maharagi limebeba wauaji chini ya magunia. Nilichukua mégaphone na motard mwenye pikipiki, tukalifuata lori. Nililikuta upande wa Mavivi, vijana wamelizunguka, Abdallah amepigishwa magoti na kofia yake iko kwenye tope. Tairi ilikuwa tayari. Petroli pia.

Kama ningesema bureau inasema, tungechomwa wote wawili.

"Miye niliona!" nikasema. "Magunia haya niliona yakipakiwa Butembo asubuhi. Miye mwenyewe nimeyakalia mpaka hapa, mugongo ungali unauma! Mufungue yote. Mukikuta mutu, munianze miye."

Walifungua gunia kwa gunia, na kila walilofungua lilikuwa maharagi. Mwishoni wale vijana ndio waliookota punje moja moja barabarani na kuzirudisha, wakiwa wanaona haya. Abdallah hakuweza kuongea siku ile. Tangu hapo kila Ijumaa akitoka msikitini alipita kwangu, mimi Mkatoliki wa misa ya kwanza, tukanywa chai ya tangawizi na kubishana juu ya tairi gani inafaa tope. Mwaka juzi njia ilimshinda, akahamishia lori lake upande wa Kasindi, mpakani na Uganda. Siku hizi ananipigia simu, lakini kwenye simu chai hainyweki.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuparuka. Siwezi, kwa sababu wengi wenu mumeniuliza juu ya kile kibonyeo, pale palipobonyea, kwenye mdomo wa mégaphone.

Ugonjwa wa kutokwa damu ulipokuja kwetu, munakumbuka. Watu wetu walikuwa wamefiwa miaka mingi bila mtu kuja, halafu ghafla magari meupe yamejaa kila kona kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Na kwa sababu ya ugonjwa huohuo tukaambiwa hatutapiga kura pamoja na wenzetu. Mutu aamini vipi? Mimi pia sikuamini. Nilipita mitaani na tangazo langu, "Bureau inasema ugonjwa upo," na moyoni nikasema bureau ndiyo inajua.

Kisha akaugua yaya yangu, Mumbere. Alikuwa mkubwa wangu kwa tumbo moja, fundi wa baiskeli, mtu wa kucheka kabla ya kumaliza hadithi yake mwenyewe. Nyumba yake ilikuwa kiwanja cha pili kutoka kwangu, na nilikuwa nikila kwake tangu nifiwe na mke wangu, maana shemeji Kavugho, mke wa Mumbere, hakuruhusu mtu wa familia apike peke yake. Walimpeleka kwenye kituo cha matibabu. Hakurudi.

Watu wa mazishi waliruhusu mtu mmoja wa familia amuone kabla ya kufunga sanduku. Nilikwenda mimi. Walinivika yale mavazi ya kujikinga, nikasimama umbali wa hatua kadhaa, nikaangalia. Sikuweza kumgusa. Yaya yangu aliyenifundisha kutembea, sikuweza kumgusa.

Tuliporudi kutoka makaburini, kiwanja cha Mumbere kilikuwa kimejaa. Mheshimiwa mmoja, jina lake halitaingia humu, alikuwa amekuja na viti na maneno. Alisimama katikati ya matanga yetu akasema huu ni ugonjwa wa kura, ndani ya sanduku kuna mawe, na Mumbere amefichwa.

"Nani alimuona?" akapaza sauti. "Nawauliza, nani alimuona?"

Swali lilikuwa langu. Nilikuwa nimelibeba maisha yote, na sasa lilikuwa mdomoni mwake. Kwake halikuwa swali hata kidogo, maana hakungoja jibu. Vijana walikuwa tayari na majembe, wanataka kwenda kulifukua kaburi wenyewe. Na ndani ya nyumba walikuwamo watoto wa Mumbere, waliolala ubavuni mwa baba yao akiugua, na wauguzi wa chanjo walikuwa wamefukuzwa mlangoni asubuhi ileile.

Kavugho alinivuta nyuma ya jiko. Alinishika mikono yote miwili.

"Shemeji," akasema, "sema haukumuona."

"Kavugho."

"Nakuomba. Kama haukumuona, iko muzima fasi fulani. Batoto beko na baba. Hapana nipokonya, shemeji. Nyamaza tu. Hapana lazima udanganye, nyamaza."

Hakuna aliyewahi kuniomba kitu kwa namna ile. Nami nilimpenda yule mwanamke kama dada, na nilijua kwamba nikikubali nitaendelea kula kwake, nitaendelea kuwa mtu wa Vuhovi, mwana wa watu. Nilitazama majembe. Nilisikia mtoto mdogo akikohoa ndani, pengine moshi tu. Nikachukua mégaphone.

"Miye niliona," nikasema. "Yaya yangu Mumbere amekufa na huu ugonjwa. Uso wake niliuona. Mawe sikuona. Batoto bapewe chanjo."

Jiwe likaja. Lilikuwa la kichwa changu, likapata mdomo wa mégaphone. Hicho ndicho kibonyeo chenu. Hakikuharibu sauti, ila ukisema neno refu utasikia kama mtu mwingine anakurudia kwa nyuma.

Kaburi halikufukuliwa. Kesho yake asubuhi nilimuona Kavugho akiwaongoza watoto kwenda kwa wauguzi, mmoja mgongoni, wengine mkononi. Alipita mbele yangu kama anapita mbele ya mgomba. Watoto wote wako hai leo, wakubwa, wazuri, na hakuna anayenisalimu.

Walisema nimenunuliwa. Sikujibu, maana hilo nalo lilikuwa banasema. Vuhovi waliacha kunialika kwenye ndoa. Kanisani, wakati wa kupeana amani, mikono ya wale wa kiti changu iliota ufupi. Viti vyangu nilikuwa nimeliazimisha shirika letu la mtaa kwa ajili ya matanga yale, havikurudi, nami sikuvifuata, nani angekaa. Watoto wangu wako Bunia na Kampala, wanapiga simu Noeli. Nilijifunza kupika maharagi ya mtu mmoja, na niwaambie ukweli, maharagi ya mtu mmoja hayaivi vizuri. Miaka yote ile niliendelea kupita mtaani nikitangaza salongo, watu wakatoka na majembe, wakafanya kazi, wakarudi ndani. Sauti yangu iliingia katika kila nyumba. Mimi mwenyewe sikukaribishwa hata moja.

Na Kavugho hakuvaa nguo ya kufiwa. Alikataa msalaba kuwekwa kaburini. Kila mara familia ilipotaka kuondoa matanga ili yaishe, alisema matanga ya nani. Alimwekea bwana wake sahani, watu waliniambia.

Wiki chache zilizopita, baada ya chakula cha mchana, nilisikia hodi. Nilisema karibu, neno ambalo sikuwa nimelitumia siku nyingi. Alikuwa Kavugho. Mvi zimemjaa. Alibeba mfuko wa safari, akakataa kukaa. Aliweka simu mezani akabonyeza.

Munaijua sauti hiyo, imezunguka katika magroupe yenu yote. Mtu asiye na jina anasema wale wote waliochukuliwa wakati wa ugonjwa wako hai ng'ambo, Uganda, wanafanyishwa kazi mashambani, na mheshimiwa fulani akipata kiti chake atawarudisha nyumbani. Inaisha kwa wimbo wa chama.

"Sasa naenda Kasindi, nivuke nimutafute," Kavugho akasema. "Mais nilisema kwanza nikuulize."

"Uliza."

"Ile siku uliona uso?"

"Miye niliona."

"Hapana na ile sauti ya mégaphone! Sema polepole. Sema kama mutu."

Nikagundua kwamba jambo lile sikuwahi kumwambia mtu yeyote bila mégaphone. Nilijaribu. Nilimwambia macho ya Mumbere yalikuwa yamefumbwa, mdomo wazi kidogo kama mtu anayetaka kucheka. Nilimwambia juu ya kovu la kwenye nyusi.

"Kovu kila mutu anajua," akasema. Alishika mfuko wake. "Na nini tena?"

"Sweta," nikasema. "Ile ya kijani. Hawakumvika, waliilaza kifuani. Mkono mmoja wa sweta ulikuwa umekunjwa, ule wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umenyooka."

Mfuko ulianguka. Alikaa chini, pale pale sakafuni.

"Nilimupatiaka muuguzi ile sweta mulangoni," akasema. "Sikuambia mutu. Hata batoto. Ule mukono nilikosea kufuma, ulikuwa murefu. Alikuwaka anaukunja kila siku, ananicheka." Aliinua uso. "Juu ya nini haukuniambia?"

"Ulikuwa unageuza uso, shemeji."

"Njo ungenifuata," akasema. "Ungenifuata, Kakule."

Halafu akalia. Sijui niwaandikie vipi kilio kile. Alikuwa amekishika miaka yote ile, na kilipotoka kilitoka chote, mikono kichwani, jina la Mumbere likipanda na kushuka. Hakuna mégaphone iliyowahi kufika mbali hivyo. Milango ilifunguka, wanawake wakaja mbio na mikono yenye unga, motard mmoja akazima pikipiki, na kwa mara ya kwanza tangu matanga yale kiwanja changu kikajaa watu.

"Nani amekufa?" wakaniuliza mimi, kama zamani. "Muzee Kakule, nani amekufa?"

Nilifungua mdomo, lakini Kavugho alinitangulia.

"Bwana yangu," akawaambia. "Mumbere amekufa. Shemeji yangu aliona."

Wanawake wakakaa chini kumzunguka, mmoja akafungua kitambaa chake akamfunga nacho kiunoni, kama anavyofungwa mfiwa. Wanaume wakabaki wamesimama. Niliingia ndani haraka kuwaletea viti, nikakumbuka kwamba nina kimoja tu. Nikatoka nacho.